Kodi ya moshi wa viwanda: nani anailipa?



Katika juma moja la mafundisho ya wakatekista, jioni, mmoja wao aliinuka akauliza: «Tumesikia katika redio ya kwamba huko Ulaya Serikali zinalipisha kodi juu ya moshi. Je, kodi ile itafika hapa? Na mama zetu wanaopika na makala watalipishwa nao?» Watu walicheka. Lakini sisi tuliokaa mbele hatukuwa na jibu la kufaa. Tulisema maneno machache juu ya kutunza viumbe vya Mungu, kisha tukapita kwa swali lingine. Mkatekista yule aliketi, na usoni mwake tuliona wazi kwamba hakujibiwa. Tangu siku ile tumesoma, tumeuliza wenye kujua, na leo twataka kulipa deni letu kwa maandiko.

Gazi isiyoonekana

Kwanza tusafishe neno lenyewe. Twasema «kodi ya moshi» kwa sababu ni rahisi kusema, lakini moshi mweusi unaoonekana juu ya bomba la kiwanda sio unaolipiwa. Makaa ya mawe, mazuti, esanse, gazi inayotoka chini ya ardhi, vyote vina kaboni ndani yake. Vikiwaka, kaboni inashikana na oksijeni ya hewani, na kunatoka gazi isiyo na rangi wala harufu. Tutaiita gazi ya kaboni. Ninyi mliojifunza kemia katika seminari ndogo mwajua hesabu yake: uzito wa kaboni ni 12, uzito wa oksijeni ni 16, na oksijeni ziko mbili, jumla 44. Basi kilo 12 za kaboni zikiwaka zinazaa kilo 44 za gazi. Mtu akisikia hivi anashangaa: namna gani kitu kilichochomwa kipite uzito wake cha kwanza? Ni kwa sababu moto umechukua hewa na kuiongeza ndani. Lita moja ya mazuti, ambayo katika mizani haifiki kilo moja, inatoa kilo 2.6 hivi za gazi ya kaboni.

Gazi hii haitoki upesi. Sehemu yake kubwa inakaa hewani mamia ya miaka, na inazuia joto la dunia lisipande kwenda zake, kama vile blanketi inavyozuia joto la mwili. Tangu watu wa Ulaya walipoanza kuchoma makaa ya mawe kwa wingi, zaidi ya miaka 200 iliyopita, gazi ya kaboni katika hewa imeongezeka kwa nusu ya kipimo cha kwanza, na joto la dunia limepanda zaidi ya digri moja. Digri moja yaonekana kidogo. Lakini mkulima anayengoja mvua ya kwanza ili apande mahindi, na mvua inachelewa, au inakuja yote kwa siku mbili na kuchukua udongo, yeye haulizi ni digri ngapi.

Hapa sharti tutenganishe mambo mawili, maana wengi katika Lubumbashi huyachanganya. Moshi wa tanuru la zamani la shaba, lile lenye bomba refu linaloonekana toka mbali, ulikuwa na gazi ya salfa pamoja na vumbi la shaba na la madini mengine. Huo ndio uliokausha miti ya vilima vya Penga Penga, hata leo udongo wa pale una sumu. Kodi ya kaboni haiangalii ubaya wa namna ile. Kiwanda kinaweza kulipa kodi yake yote ya kaboni bila deni, na bado kikaharibu shamba la jirani. Kwa ubaya ule sharti iwepo sheria nyingine, yenye kupima vumbi na maji na udongo. Twasema hivi mapema, ili mtu asifikiri kodi hii ni dawa ya kila ugonjwa.

Sababu ya kulipisha

Mwaka wa 1920 mwalimu mmoja wa Cambridge, Uingereza, jina lake Arthur Pigou, alitoa kitabu juu ya uchumi na hali njema ya watu. Ndani yake alieleza kwa maneno ya wataalamu jambo ambalo watu wa vijiji vya mtoni wanalijua. Tuseme mama fulani anapika pombe kando ya mto, na machicha anayamwaga majini. Pombe inamletea faida. Walio chini ya mto wanachota maji machafu, wanatembea mbali kutafuta maji mengine, watoto wanaumwa tumbo. Bei ya pombe haina hasara ile ndani yake. Mnywaji anafikiri amenunua kwa bei rahisi. Kumbe sehemu ya bei imelipwa na watu wasioonja hata kikombe kimoja. Pigou alisema: Serikali na itoze kodi yenye kulingana na hasara ile, ili bei iseme kweli.

Kodi ya kaboni ni mawazo hayo ya Pigou yaliyopelekwa juu ya hewa. Na kuitoza si kazi ngumu. Hakuna askari anayepanda juu ya bomba na mashini ya kupima. Kwa kuwa twajua lita moja ya mazuti inazaa gazi kiasi gani, inatosha kuhesabu lita. Kodi inatozwa pale mafuta yanapoingia inchini au yanapotoka katika ghala kubwa, kwa makampuni machache, na yale makampuni yanaiongeza katika bei. Toka pale kodi inaanza kutembea: toka kwa mwenye ghala kwenda kwa mwenye kiwanda, toka kwa mwenye kiwanda kwenda kwa mwenye duka, mpaka kwa mtu anayenunua mfuko wa simenti ili ajenge nyumba. Tukiuliza nani anailipa, tusitazame jina lililoandikwa katika karatasi ya kodi. Tufuate njia yake mpaka mwisho.

Mwenye kiwanda, akipata bei mpya ya mafuta, anaweza kufanya mambo mbalimbali. Atalipa tu na kunyamaza. Au atatengeneza tanuru lake lisipoteze joto. Au atabadili mafuta. Au atapandisha bei ya mali yake. Au atafunga kiwanda na kwenda inchi isiyo na kodi. Serikali inayotoza kodi inataka afanye la pili na la tatu. Inaogopa sana la mwisho. Yote yaliyotokea katika inchi zilizojaribu kodi hii yametoka katika tamaa ile na hofu ile.

Waswidi walivyofanya

Ufini ndiyo iliyotangulia, mwaka wa 1990. Lakini Uswidi, iliyoanza katika Januari 1991, ndiyo inayofaa kutazamwa zaidi, kwa kuwa imekaa na kodi hii zaidi ya miaka thelathini na imeipandisha kuliko karibu inchi zote. Ilianza na krona 250 kwa kila tani ya gazi ya kaboni. Mwaka wa 2023 ilikuwa imepita krona 1300. Katika sheria zile zile za 1991 Serikali ilipunguza kodi ya mishahara. Mtu alipandishiwa bei ya mafuta kwa mkono mmoja, akaachiwa sehemu ya mshahara wake kwa mkono mwingine. Twafikiri jambo hili lilisaidia sana watu wakubali.

Ili kufahamu matokeo, sharti msomaji ajue namna watu wa kule wanavyopasha nyumba joto. Baridi yao ni ya kuua. Katika miji mingi nyumba haiwashi moto wake peke yake. Kuna nyumba moja kubwa yenye matanuru, inachemsha maji, na mabomba yaliyofukiwa chini ya barabara yanapeleka maji ya moto katika kila nyumba. Zamani matanuru yale yalikula mafuta na makaa ya mawe. Kodi ilipoingia, wenye matanuru walifanya hesabu upesi. Uswidi ni inchi ya misitu na viwanda vya mbao. Matawi, maganda na unga wa mbao vilikuwa vinalala bure. Tena sheria haikutoza kodi juu ya kuni. Sababu yake ni hii: mti ukikatwa na mwingine ukaota mahali pake, mti mpya unairudisha kaboni ile ile toka hewani. Katika muda wa miaka michache matanuru mengi yaligeukia mbao. Hapa kodi ilifanya hasa kazi iliyotumwa.

Upande wa viwanda habari si nzuri hivi. Wenye viwanda vya karatasi, chuma na kemia walilia: «Tunauza inje, tunashindana na watu wasiolipa kitu!» Serikali iliwasikia. Mwaka wa 1993 viwanda vilipunguziwa, vikawa vinalipa robo tu ya kodi ya watu wengine. Ndipo likatokea jambo la kuchekesha kidogo. Viwanda vingine vilivyokuwa na mabaki ya mbao viliona faida kuyauza kwa matanuru ya mji, ambayo yalitaka kuni kwa bei nzuri kwa sababu ya kodi kubwa. Halafu vyenyewe vikachoma mafuta, kwa kuwa kodi yao ilikuwa ndogo. Kuni zilihama toka kiwandani kwenda mjini, na mafuta yakabaki kiwandani. Serikali ilifikiri imepata. Sehemu ya faida ilikuwa kubadilishana mahali tu. Mwenye kutunga sheria na akumbuke habari hii: ukiweka bei mbili kwa kitu kimoja, kitu kile kitatembea.

Ilichukua miaka 25 kusahihisha. Mapunguzo yalikatwa kidogo kidogo, na tangu 2018 viwanda vilivyo chini ya kodi hii vinalipa sawasawa na watu wengine. Lakini viwanda vikubwa kabisa, vya chuma, simenti, karatasi na kusafisha mafuta, haviko chini yake. Viko katika soko la vibali la Umoja wa Ulaya lililofunguliwa mwaka wa 2005. Pale Serikali haipangi bei. Inapanga jumla ya gazi inayoruhusiwa, inatoa vibali, na wenye viwanda wananunuliana. Kwa miaka mingi viwanda vilipewa vibali vingi bure, na mwaka wa 2013 kibali cha tani moja kilishuka chini ya euro 5. Kwa bei ile hakuna mtu anayebadili tanuru. Baadaye vibali vilipunguzwa, na katika Februari 2023 kimoja kilifika euro 100.

Matokeo ya yote ni nini? Kati ya 1990 na 2022 gazi inayotoka katika Uswidi ilipungua zaidi ya theluthi moja, na katika muda ule ule mali yote inayozalishwa inchini iliongezeka zaidi ya robo tatu. Wale waliosema kodi itaifanya inchi kuwa masikini hawakusema kweli. Lakini tusiipe kodi sifa yote. Uswidi ilikuwa na umeme wa mito na wa nguvu ya atomu tangu zamani, kabla ya kodi. Na mali nyingine wanayoitumia inatengenezwa sasa mbali, moshi wake unahesabiwa kwa watu wengine.

Jiwe la chokaa

Kuna kiwanda kimoja ambacho kodi inakifikia vibaya, nacho ni cha simenti. Yafaa tukae hapa kidogo, maana simenti twaijua sote, hakuna parokia isiyowahi kuhesabu mifuko yake. Simenti inatoka katika jiwe la chokaa lililochomwa kwa moto mkali sana. Chukua kilo 100 za jiwe safi la chokaa, uzichome: zitabaki kilo 56. Kilo 44 zimekwenda wapi? Zimepaa, ni gazi ya kaboni iliyokuwa imefungwa ndani ya jiwe lenyewe. Basi mwenye kiwanda akibadili mafuta, hata akichoma kuni tupu, gazi ya jiwe itatoka tu, nayo yapita nusu ya gazi yote ya kiwanda chake. Anaweza kuchanganya simenti na vitu vingine ili atumie jiwe lililochomwa kidogo, kama majivu au masimbi ya matanuru ya chuma. Zaidi ya hapo, njia yake ni kuikamata gazi bombani, kazi yenye gharama kubwa. Tena simenti ni nzito na bei yake kwa tani ni ndogo, kwa hiyo kodi inaonekana upesi katika bei.

Jambo hili lilijaribiwa huko British Columbia, jimbo la Kanada lililo kando ya bahari ya Pasifiki. Kodi ilianza tarehe 1 Julai 2008 na dola 10 za Kanada kwa tani, ikapanda dola 5 kila mwaka mpaka dola 30 katika 2012. Fedha zote zilirudishwa kwa watu na makampuni kwa kupunguza kodi nyingine. Wachunguzi waliopima miaka ile ya kwanza walikuta gazi imepungua kati ya 5 na 15 kwa mia, na uchumi wa jimbo haukuumia kwa kadiri iliyoogopwa. Lakini wenye simenti waliona meli na magari yakileta simenti toka Marekani na Asia, isiyolipiwa kodi hata dola moja. Jiwe lilichomwa mahali pengine, gazi ikapanda katika anga lile lile, na kazi ikapotea. Kuanzia 2015 Serikali ya jimbo ilitoa fedha za kuvisaidia viwanda vile. Na tarehe 1 Aprili 2025 kodi ya wanunuzi wa kawaida ilifutwa. Viwanda vikubwa vikabaki na malipo yao ya namna nyingine.

Gazi iliyorudishwa chini ya bahari

Tuseme pia neno la kusifu. Norwe ilianza kodi yake mwaka wa 1991, na haikuwaachilia wachimba mafuta na gazi wa baharini. Katika uwanja mmoja uitwao Sleipner, gazi inayochimbwa ina gazi ya kaboni ndani yake, karibu sehemu 9 katika 100, na wanunuzi hawataki zaidi ya 2.5. Kwa hiyo sharti waitenge. Kama kusingekuwa na kodi, wangeiachia hewani, kama ilivyokuwa desturi kila mahali. Walipofanya hesabu waliona: kulipa kodi kila mwaka kungewagharimu kuliko kuirudisha gazi chini. Tangu 1996 wameisukuma katika mchanga mgumu wenye maji ya chumvi, chini ya sakafu ya bahari, mita 800 na zaidi, kwa miaka mingi karibu tani milioni moja kwa mwaka. Wachunguzi wameipima mara kwa mara, na wameikuta imekaa pale. Hakuna mtu aliyewaamuru watumie njia ile. Bei ndiyo iliyowafundisha. Lakini mwangalie: gazi ilikuwa imekwisha kutengwa, mchanga wa kufaa ulikuwa karibu, na kampuni ilikuwa na fedha. Mwenye tanuru la simenti katika inchi ya mbali na bahari hana mambo hayo matatu.

Koti za njano

Sasa tufike Ufaransa, maana pale swali la mkatekista wetu lilipigiwa kelele barabarani. Mwaka wa 2014 Serikali iliingiza kodi ya kaboni katika bei ya mafuta, euro 7 kwa tani. Ikapandishwa kila mwaka mpaka euro 44.60 katika 2018, na ilikuwa ipande tena. Tarehe 17 Novemba 2018 watu wa vijijini na wa miji midogo walivaa koti za njano, zile ambazo kila mwenye gari sharti awe nazo, wakafunga njia kuu. Kodi haikuwa malalamiko yao yote, lakini ndiyo iliyowasha moto.

Wengine walisema: watu hawa hawajali dunia. Sisi hatusemi hivi. Fundi anayeishi kilometa 30 na kazi yake, mahali pasipo na gari la abiria, hana njia ya kuacha mazuti wiki ijayo. Kwake kodi haikuwa shauri la kubadili mwenendo, ilikuwa kukatwa mshahara. Na alipotazama juu aliona viwanda vikubwa havilipi kodi ile, maana viko katika soko la vibali na vingi vinapewa vibali bure. Aliona pia mafuta ya ndege hayatozwi. Tena sehemu kubwa ya fedha haikurudi kwake kwa njia yoyote aliyoweza kuiona. Aliyeumizwa kwanza ni yule aliyekuwa na njia chache za kugeuka. Serikali ilisimamisha kupanda kwa kodi, ikabaki euro 44.60.

Papa Fransisko aligusa pande zote mbili. Katika barua yake Laudato si' ya 2015 alionya kwamba kununua na kuuza vibali vya gazi kunaweza kuwa uchuuzi mpya usiosaidia kupunguza gazi yenyewe. Na katika Juni 2019, akisema na wakubwa wa makampuni ya mafuta waliokusanyika Vatikano, aliwaambia ya kwamba kuweka bei juu ya kaboni ni jambo la lazima. Mtu akiona maneno haya yanapingana, na atazame tena habari za Uswidi na za Ufaransa. Kuna bei inayobadili tanuru, na kuna bei inayotembea tu mikononi mwa wenye nguvu mpaka imshukie asiye na nguvu.

Je, itatufikia?

Katika Afrika, inchi ya kwanza kutoza kodi hii ni Afrika ya Kusini, tangu Juni 2019, kwa randi 120 kwa tani. Umeme wa kule unatoka hasa katika makaa ya mawe. Lakini mapunguzo yalikuwa makubwa hata wengi walilipa kati ya randi 6 na 48 tu. Kwa bei ile, hatuwezi kutegemea mambo makubwa.

Kuna njia nyingine ambayo kodi inaweza kutufikia bila Serikali yetu kuandika sheria yoyote. Umoja wa Ulaya, ukiogopa simenti na chuma visikimbie, umeweka malipo mpakani: mtu akiingiza mali fulani toka inje, sharti alipe kwa gazi iliyotoka wakati wa kuitengeneza. Kuanzia Oktoba 2023 waingizaji waliandika hesabu tu. Malipo yenyewe yanahusu mali inayoingia tangu 1 Januari 2026. Orodha ya kwanza ina simenti, chuma, aluminiumu, mbolea, hidrojeni na umeme. Msumbiji, iliyokuwa inatengeneza aluminiumu, ilikuwa na sababu ya kuogopa. Shaba na kobalti hazimo. Hata kama zingeingizwa siku moja, shaba yetu ya Katanga ina neno la kujitetea: nguvu ya umeme wake inatoka zaidi katika maji, ya Mwadingusha tangu 1930, ya Nzilo na Nseke, na ya Inga. Lakini umeme ule hautoshi tena, na makampuni mengine yanawasha mashini za mazuti usiku na mchana. Kila lita yao inaharibu utetezi ule.

Tubaki na makala. Katika sheria zote tulizozieleza hapa, hakuna hata moja inayomlipisha mama anayepika na makala. Tusifurahi upesi, maana sababu yao si sababu yetu. Mswidi haitozi kodi kuni kwa kuwa msitu wake unaota tena, na sheria inamlazimisha mwenye msitu kupanda baada ya kukata. Pande za Lubumbashi miti ya miombo imekatwa mbali na mji, na magunia ya makala yanakuja sasa toka safari ndefu. Mahali pengi panageuka shamba au majani matupu. Makala ya namna ile inapeleka kaboni hewani pasipo mti wa kuirudisha. Mtu atasema basi tulipishe makala. Sisi twasema hapana, si hivi. Mama wa mtaani ni kama yule fundi wa Ufaransa: umeme unakatika, gazi ya kupikia ni ghali, yeye hana mahali pa kugeukia, na bei ya gunia imekwisha kupanda bila kodi. Kumlipisha kabla ya kumpa moto mwingine ni kumkata chakula.

Tulimwandikia mkatekista yule karibu maneno haya yote. Alijibu upesi, kwa swali jipya: «Na mashini ya kusaga ya kijiji chetu, inayokula mazuti?» Hili lilikuwa swali la kweli kuliko la kwanza, maana kodi ya kaboni, mahali inapotozwa, inaanza na mafuta. Tumemtumia hesabu hii. Mashini ikinywa lita 10 za mazuti, inatoa kilo 26 hivi za gazi. Kwa kodi ya Ufaransa, euro 44.60 kwa tani, mwenye mashini angelipa euro 1 na senti 16 zaidi kwa lita zile 10. Yeye ataiongeza katika bei ya kusaga ndoo moja ya mahindi. Sasa tunangoja atuandikie ndoo ngapi zinasagwa kwa lita 10, ili tumalize hesabu.